Usingizi wa Kaka

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa hospitalini, kaka alielewa maneno mawili tu: apumzike nyumbani. Alikuwa ameanguka na bodaboda mwezi Agosti, bila kofia ngumu. Kidonda kilifunga, nywele zikaota juu yake, na Ilongero nzima ikajua amepona.

Januari ikafika, palizi ikaanza. Saa nne asubuhi, jembe mkononi, kaka alikuwa akilala kwenye tuta kama mtoto wa mgongoni. Wifi akapalilia peke yake. Baba mdogo alisema mvivu kapata cheti. Usiku ndiyo kaka alikuwa macho kabisa. Wakati wa mavuno alikaa uani akipura alizeti saa nane za usiku, hadi sungusungu wakaja kuuliza. Kwetu mtu anayefanya kazi gizani ana jina lake, na si jina la kumwita mtu mbele ya mama yake.

Mimi nilikuwa chuoni Dodoma, nikaanza kusoma. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi. Baadhi ya seli zake hutengeneza oreksini, kemikali inayotushikilia macho mchana. Mwaka 2005 watafiti wa Zurich walipima majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo ya watu walioumia kichwa siku chache kabla, wakakuta kwa wengi oreksini imeshuka. Melatonini nayo, inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huweza kupungua. Kovu la kichwani halionyeshi lolote kati ya hayo.

Nilimweleza baba mdogo. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Sasa dawa yake iko wapi, mwanangu?"

Daktari wa kliniki hakutoa kidonge. Aamke saa ileile kila siku, apate jua la asubuhi, usingizi wa mchana usizidi nusu saa, chai ya rangi isivuke adhuhuri. Wifi ndiye aliyeyageuza hayo kuwa ratiba: shamba saa kumi na mbili hadi saa tatu, kisha kivulini, na yeye mwenyewe anamwamsha. Sasa kaka hulala mpaka saa tisa usiku. Si haba.

Baba mdogo hajasema amekubali. Ila msimu uliopita alileta magunia mawili ya vichwa vya alizeti, akayatua uani jioni, akaaga.