Mjomba Hajawahi Kuachwa na Ndege

Naandika haya uwanja wa ndege wa Frankfurt, nikiwa juu ya kiti cha chuma kilichotiwa vishikio katikati, makusudi kabisa, ili mtu asijinyooshe. Ndege yangu ya Mombasa imeniacha. Nimefika langoni nikaiona kupitia kioo, bado haijasogea hata hatua, na binti aliyesimama pale ananiambia kwa upole wa kuudhi kwamba kuingia kumefungwa. Ingekuwa Likoni, feri ikianza kuinua mlango, mtu mzima angeruka na kuku wake mkononi.

Tiketi ilinipa dakika 50 za kubadilisha ndege. Niliichagua mwenyewe nikajiona mjanja: nikae saa saba uwanjani kwa nini, na usiku huuhuu naweza kula wali nyumbani Ng'ombeni? Kumbe ndege ya kutoka Hannover ilingoja dakika 25 mzigo wa abiria asiyeonekana ushushwe. Tulipotua tukaegeshwa mbali, tukapakiwa kwenye basi, basi nalo likangoja. Kisha ngazi, kisha treni ndogo isiyo na dereva, kisha foleni ya pasipoti, maana anayetoka Schengen lazima akaguliwe, na sisi wa pasipoti za kwetu mstari wetu ulikuwa na maaskari wawili. Nilikimbia, wallahi, na leso nane za zawadi begani.

Huku kila uwanja una muda wake mfupi kabisa ambao mashirika yanaruhusiwa kuuzia watu tiketi. Frankfurt ni dakika 45. Vienna wanajisifu kwa 25. Hesabu hiyo ni ya siku ambayo kila kitu kimenyooka, na ukinyimwa siku hiyo, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakufariji: safari ndefu kama ya Mombasa, ukifika umechelewa kupita kiasi na kosa likiwa lao, unaweza kudai hadi euro 600. Lakini tiketi zako ziwe zimeunganishwa. Kuna mwenzangu wa Tiwi alinunua mbili mbalimbali ili abakishe vijisenti, ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka, na hakuna aliyemjua.

Kwetu feri ikikuchelewesha utamdai nani? Ndiyo maana kila mtu hubeba akiba yake ya muda, kama anavyobeba maji.

Bingwa wa akiba hiyo ni mjomba wangu. Yeye hajawahi kuachwa na ndege. Ni kweli hajawahi kupanda pia, lakini amesindikiza nusu ya ukoo. Ndege ni ya saa nne usiku? Adhuhuri mabegi yako mlangoni. Hoja zake zilikuwa mbili, feri kuharibika na foleni ya magari kuanzia Shika Adabu, na hazikuwa na jibu. Halafu 2024 barabara ya Dongo Kundu ikakamilika. Nikadhani sasa nimempata. Nikamweleza: unaingilia Kibundani, unapita daraja la Mteza, la Mwache, unatokea Miritini, feri huioni wala huisikii. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Na lori likilala barabarani?”

Basi safari iliyopita tulifika uwanjani zimebaki saa tano na nusu. Wasindikizaji hawaingii ndani, kwa hiyo wakatandika mkeka chini ya mti: mama, mjomba, shangazi wawili, watoto ambao wengine sikuwajua ni wa nani. Chupa ya chai, mihogo, sambusa zilizofungwa kwenye gazeti. Mimi nilikuwa natazama saa tu, nikinung'unika kimoyomoyo kwamba hawa watu wangeishi Ujerumani wangefukuzwa kazi wiki ya kwanza. Hapo kwenye mkeka ndipo mama aliponieleza kesi ya mpaka wa shamba, kwa nini haongei na jirani, na kwamba goti limeanza kumsumbua. Kwenye simu kila siku huwa mzima.

Nimepewa tiketi ya kesho na karatasi ya chakula. Imebidi nimpigie mjomba kumwambia asije kunipokea leo. Nilijua atacheka.

“Walikupa muda gani wa kubadilisha?”

“Dakika hamsini, mjomba.”

Kimya.

“Hamsini. Mwanangu, hata chai haipoi.”

Nikamwambia basi, wapumzike nyumbani, nitafika kesho usiku. Nyuma yake nikasikia honi za teksi, na sauti ya mama ikimwuliza mtu kikombe kingine kiko wapi.

“Nyumbani gani?” akasema. “Sisi tushafika hapa.”