Bolti nne, skrini moja na stima

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yenyewe imesimama sebuleni kwangu: kabati la gemu la plaiwudi, mfano wa zile mashine za sarafu za miaka ya 1980. Mnanijua kama mtu wa kuandika programu, lakini leo nataka tuongee kuhusu vyuma. Vile vyuma vinavyoshika skrini ndani ya kabati, ambavyo mimi nilividharau, na nusura vinitie kwenye msiba.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1972, Allan Alcorn wa Atari alipounda Pong ya kwanza, alichukua runinga ya kawaida ya Hitachi, isiyo na rangi, aliyoinunua dukani, akaitia ndani ya kabati la mbao. Baadaye makampuni kama Wells-Gardner na Electrohome yakawa yanauza skrini maalum za gemu zisizo na ganda: tyubu ya kioo, bodi ya saketi na fremu ya chuma, basi.

Ukiitazama tyubu kama hiyo utaona ukanda wa chuma uliokazwa kuzunguka uso wake, na masikio manne kwenye pembe zake. Ndani ya tyubu hakuna hewa, kwa hivyo ukanda huo unasaidia kioo kisipasuke vibaya. Masikio yanafungwa kwenye fremu, fremu inafungwa kwenye vyuma vya pembe kushoto na kulia, kisha bolti zinapenya mbao hadi nje. Vile vichwa vya duara unavyoviona ubavuni mwa makabati ya zamani si mapambo. Ndivyo vinavyobeba skrini. Na si mzigo mdogo: skrini ya inchi 19 inapita kilo kumi, na uzito mwingi uko mbele kwenye kioo. Shingo ya nyuma nayo ni nyembamba. Ukiinua skrini kwa kushika shingo, umeimaliza.

Sasa hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu nilipofurahi. Pac-Man ya mwaka 1980 haikuchezwa kwenye skrini iliyolala kama runinga ya nyumbani. Skrini ilisimamishwa wima, imegeuzwa nyuzi 90 na kufungwa hivyo kwa bolti. Donkey Kong ya 1981 vivyo hivyo. Space Invaders ya 1978 ilikuwa na maajabu zaidi: kwenye kabati lake la kusimama, skrini iliwekwa chini ikitazama juu, na mchezaji aliona taswira yake kwenye kioo kilichoinamishwa, nyuma yake kukiwa na mchoro wa mwezi.

Programu ilikuwa inajua chuma kimefungwa vipi. Chukua zile mashine za meza, ambapo wachezaji wawili hukaa wakitazamana. Skrini imekazwa, haiwezi kumgeukia mchezaji wa pili. Kwa hivyo zamu yake ikifika, programu inapindua picha juu chini. Bolti haiwezi kuzunguka, basi msimbo unazunguka! Hata MAME, programu ya kuigiza mashine hizi ambayo Nicola Salmoria aliitoa mwaka 1997, imehifadhi jambo hilo. Kwenye msimbo wake kila gemu ina alama kama ROT0 au ROT90, kueleza skrini halisi ilikuwa imelala au imesimama.

Nikajiambia, kumbe hii ni kazi yangu kabisa.

Mama alikuwa na runinga ya kisogo iliyokaa stoo miaka mingi, ya zamani kiasi kwamba haina tundu lolote la picha ila la antena. Nikaitoa kwenye ganda lake la plastiki. Fundi wa jua kali akanikatia vyuma vya pembe na kuvitoboa. Nikaisimamisha tyubu wima, nikafunga masikio manne kwenye vyuma, bolti zikatokea ubavuni mwa kabati kama zile za kweli. Picha nikaipitisha kwenye deki ya zamani ya kanda hadi tundu la antena. Ilipowaka ilikuwa imelala ubavu. Nikabadilisha mstari mmoja, ikasimama. Nikapiga picha, nikawatumia marafiki, nikampigia dada yangu simu nikamwambia amlete mpwa wangu Jumamosi.

Ijumaa jioni nikamwita mzee mmoja wa mtaani anayetengeneza runinga, anisaidie kuondoa madoa ya rangi kwenye pembe za kioo. Hakuangalia madoa. Aliangalia ubavuni, akatoa testa mfukoni, akaigusisha kwenye kichwa cha bolti. Taa ikawaka.

"Kijana, nani atacheza hii?"

Nikamwambia, mpwa wangu, ana miaka saba.

Akachomoa plagi mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu akanieleza. Runinga nyingi za zamani zilichukua stima ya ukutani moja kwa moja bila kuitenganisha, kwa hivyo upande wa chini wa saketi yote unaweza kuwa na stima. Ule ukanda wa tyubu na masikio yake vimeungwa na saketi hiyo kwa waya. Kiwandani hilo halikuwa kosa, kwa sababu ganda la plastiki lilimkinga mtu. Mimi nililitupa ganda, nikaunga masikio na chuma, chuma na bolti, kisha nikazipanga bolti mahali mkono wa mtoto unapofika. Volti 240.

"Na mashine za kweli je, mzee? Nazo zina bolti nje."

Akaniambia zile zina transfoma ya kutenganisha stima kabla haijafika kwenye skrini, na fremu ina waya wa eathi. Nilikuwa nimetazama picha nyingi za ndani ya makabati hayo. Ile transfoma chini sakafuni nilikuwa naiona, lakini sikuwahi kujiuliza kazi yake.

Usiku huo sikulala vizuri. Miaka yote kazini nikikosea, programu inakwama, narekebisha, naanzisha upya. Jumamosi hiyo, kosa langu lingegundulika kwa mkono wa mtoto.

Mpwa wangu alikuja, akakuta kabati limezimwa. Alinuna. Tulicheza karata.

Ilichukua miezi miwili. Mzee alifunga transfoma ya kutenganisha, akaunga vyuma vyote na waya wa eathi, kisha akapima bolti moja moja mbele yangu. Taa haikuwaka. Mtoto sasa anacheza, na ananishinda.

Kama na wewe una wazo hili, sikia ya mwenzako: tumia skrini bapa. Nyingi zina matundu manne nyuma, ya umbali wa milimita 75 au 100, na unaifunga bila kuvua ganda. Ukitaka tyubu lazima, usiifungue peke yako. Hata ikiwa imechomolewa inaweza kuhifadhi maelfu ya volti. Tafuta mzee mwenye testa kabla hujamwita mpwa wako.