Fungu la Tatu

Nyumbani kwetu Karatu, nyama ya Idd el-Hajj hugawanywa mafungu matatu: la kwanza la nyumba, la pili la ndugu na majirani, la tatu la wenye shida. Ndivyo alivyofanya baba yetu, na ndivyo tunavyofanya sisi wanawe hadi leo. Fungu la kwanza halijabadilika. Maini hukaangwa asubuhi ileile, pilau huliwa mchana, kichwa na miguu husubiri supu ya Idd Pili. Fungu la pili limebadilika kidogo. La tatu ndilo lililotusumbua miaka yote, na ndilo lililotufundisha mengi.

Baba alitoka Kondoa akiwa kijana, kama Warangi wengi waliopanda kaskazini kufuata biashara. Alinunua vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, akaviuza Arusha. Karatu aliyohamia ilikuwa ya Wairaqw, wakulima wa mahindi, ngano na mbaazi, na wengi wao ni Wakatoliki na Walutheri. Waislamu tulikuwa wachache: Warangi, Wasomali wenye maduka, familia kadhaa za kutoka Singida na pwani. Sikukuu yetu isingeweza kuwa ya kwetu peke yetu hata kama tungetaka. Mbuzi akilia uani kwetu, mtaa mzima ulijua kesho ni Idd.

Mwaka 1990 sikukuu ya kuchinja iliangukia mwanzoni mwa Julai, katikati ya kipupwe, na huo ndio mwaka wa mwanzo ninaoukumbuka vizuri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Oldeani, sisi watoto tumevaa masweta juu ya nguo mpya. Baba alikuwa amenunua beberu mnadani. Mnada wa Karatu huwa tarehe 7 na 25 za mwezi, na aliyetaka mnyama mzuri wa Idd alipiga hesabu zake mapema. Alimkagua jicho, sikio, mguu na meno, akatuita tuone. Mnyama wa udhia, alituambia, hawi kipofu, hawi kilema, hawi mgonjwa, hawi aliyekonda. Kinachomfikia Mungu ni uchaji wetu, lakini hatumpelekei mja wake kile tulichokikataa wenyewe.

Baada ya swala na kuchinja, kazi yetu watoto ilikuwa kubeba masinia. "Hii peleka kwa mama mkubwa," mama aliagiza, na mama mkubwa huyo alikuwa jirani yetu Mwiraqw, Mkatoliki, aliyemsaidia mama alipojifungua mdogo wangu. Tulipiga hodi, tukaamkia shikamoo, tukasubiri sinia lioshwe. Halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na mahindi mabichi, mayai au boga. Krismasi ikifika, baba wa nyumba ile alikuja kwetu alfajiri kumwomba baba amchinjie mbuzi wake, ili nyama ikipikwa na sisi tuweze kula. Shehe wa madrasa alitusimulia habari ya Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, ambaye kondoo alipochinjwa nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Kisa hicho hakikutushangaza, kwa kuwa tulikuwa tukikiona kwetu kila mwaka.

Na fungu la tatu? Wakati huo lilikwenda kwa waliobisha hodi. Walikuja vikongwe, watoto wa madrasa, vibarua wa mashamba ya kahawa, msafiri aliyekosa gari. Baba alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akampa kila mtu, na kufika alasiri karai lilikuwa jeupe. Hakuna aliyekatazwa. Ila hakuna aliyeuliza habari za wale ambao hawakuja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulipata lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro. Aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kujua safari ile ilivyokuwa wakati wa masika, magari yamezama kwenye udongo mwekundu, abiria wanasukuma. Lami ilileta hoteli vilimani, na hoteli zilileta ajira. Vijana wa mtaa wetu wakawa madereva wa watalii, waongozaji, wapishi wa kambi. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Nyumba ambazo hazijawahi kuchinja zikaanza kuchinja. Wanaume saba wakachangia ng'ombe mmoja, kama sheria ya dini inavyoruhusu, na furaha ya mtu anayechinja kwa mara ya kwanza maishani ni furaha ya kweli.

Lakini nyama ilianza kuzunguka mahali pamoja. Tuliopewa tulikuwa tunatoa, na tuliowapa walikuwa nao wametuletea. Kwenye vyumba vya kupanga vya vibarua, nyuma ya stendi, siku ya Idd ilipita kama Jumatatu nyingine yoyote. Wazee wa msikiti wakaliona hilo. Wakaweka mizani, wakaandika orodha ya wajane, yatima, wagonjwa na wageni, wakaomba kila anayechinja alete fungu lake la tatu msikitini. Kila mwenye jina akapata mfuko wake. Ilikuwa hatua kubwa ya haki, na ninawaombea dua waliofanya kazi ile, maana walitembea nyumba kwa nyumba kwa miguu. Baba alipeleka nusu ya fungu kwenye orodha na nusu akaibakiza mlangoni. Alisema mwenye njaa anayepita njia hana jina kwenye daftari.

Kisha ukaja mwaka 2009. Ukame ulikuwa umeikaba kaskazini yote, kuanzia Longido na Monduli hadi Ngorongoro. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi pamoja, na Wamaasai waliomo ndani yake hununua unga kwa fedha ya mifugo. Tangu 1992 walikuwa wameruhusiwa vijishamba vya mahindi. Mwaka huohuo wa 2009 kilimo kikapigwa marufuku tena. Mfugo ukikonda bei yake huanguka, na mahindi nayo hupanda kwa kuwa hayapo. Baba wa boma alikuwa anabanwa huku na huku. Aliyezoea kupata mahindi ya kutosha kwa mbuzi mmoja aliambiwa mbuzi huyo hatoshi.

Idd el-Hajj ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mnadani mbuzi walikuwepo wengi, ila waliofaa kwa udhia walihesabika. Baba alimpata mbuzi wetu huko Rhotia, kwenye zizi la Mwiraqw aliyekuwa akimlisha mabua. Hotuba ya Ijumaa kabla ya sikukuu ilirudi Madina, kwenye mwaka ambao mabedui maskini waliingia mjini wakati wa Idd, na Mtume akawakataza watu kuweka nyama zaidi ya siku tatu, ili iliyobaki itolewe sadaka. Mwaka uliofuata aliwaruhusu kuweka akiba, akawaeleza kuwa katazo lile lilikuwa kwa ajili ya wageni wale wenye shida. Khatibu hakuongeza neno. Kila mtu msikitini alijua wenye shida wetu wako juu ya kilima.

Nilikuwa mtu mzima tayari, nikapanda na baba kwenye lori la rafiki yake aliyekuwa akipeleka mahindi ya kuuza Endulen. Tulipita lango la Lodoare, tukapanda msituni, tukauzunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu mzito, nyama ya nyumba kadhaa ikiwa kwenye ndoo zilizofunikwa kanga. Tulipofika bomani baba aliamkiana na wazee, akaeleza tulichokuja nacho. Walishukuru kwa heshima zote. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasogea.

"Mzee, nyama tumeshukuru," alisema. "Lakini nyama tumeila mwaka mzima, ya ng'ombe wanaoanguka. Watoto wanalilia uji."

"Nimekusikia, yeyo," baba alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

Alikwenda nyuma ya lori, akazungumza na rafiki yake, na magunia mawili ya mahindi yakashushwa kwa mali kauli. Nyama ikabaki palepale, kwa kuwa ilikuwa haki yao. Tulipokuwa tunateremka kurudi Karatu, kiza kimeingia, aliniambia, "Mwanangu, mwakani tutauliza kabla hatujachinja."

Neno hilo ndilo lililobadilisha sikukuu ya nyumba yetu. Tangu mwaka uliofuata, baba alizitumia siku kumi za mwanzo za Mfungotatu, ambazo Waislamu tunahimizwa kuzidisha mema, kwa kutembelea watu na kuuliza. Udhia ilibaki udhia. Huwezi kubadilisha mnyama kwa gunia ukasema umechinja. Lakini pembeni ya nyama kukawa na sadaka nyingine iliyofuata jibu la mwenye shida: unga kwa huyu, mafuta ya kupikia kwa yule, sare ya shule kwa mtoto anayeanza muhula Julai, nauli ya kwenda kliniki. Mara nyingi jibu lilikuwa dogo kuliko tulivyodhani, na mara nyingine halikuhusu chakula hata kidogo. Mzee mmoja wa Mang'ola aliomba asomewe barua ya mwanawe.

Baba alikwenda mbele ya haki kabla ya mwaka 2020, na jaribu la mwaka huo likamkuta mama. Korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, Karatu ilinyamaza. Magari ya watalii yalifunikwa maturubai, hoteli zikawarudisha wafanyakazi makwao. Kaka yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa saba wanaochangia ng'ombe, hakuwa na cha kuchangia. Wenzake nao vivyo hivyo. Idd ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Julai, na kwa mara ya kwanza wengi wa wenye shida katika mtaa wetu walikuwa watu waliozoea kutoa. Hao hawabishi hodi. Majina yao hayapo kwenye orodha, na ukiwapelekea mfuko mchana kweupe umewavunja.

Sura ya Hajj, aya ya 36, inaagiza nyama ya sadaka alishwe aliyekinai asiyeomba, na anayeomba. Mama hakusoma tafsiri nyingi, lakini wa kwanza kati ya hao wawili alimjua. Aliita familia moja baada ya nyingine zije kula pilau, kama mtu anayefanya karamu yake. Wakati wa kuaga alijaza hotipoti, akasema ni ya watoto waliobaki nyumbani. Kodi ya chumba cha kijana mmoja ililipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba kwa simu, na kijana hakuwahi kuambiwa nani aliyelipa.

Wiki hiyohiyo mama mkubwa, jirani yetu wa tangu zamani, alimtuma mjukuu wake na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na mahindi mapya na maharage. Mvulana aliamkia, akasema, "Bibi amesema mwaka huu Mungu ametujalia mavuno, na nyie hamna shamba." Kaka yangu alipokea mzigo ule na machozi yakamtoka mbele ya mtoto. Mwaka huo fungu la tatu lilitujia sisi, kutoka nyumba ya Wakatoliki.

Leo mambo yamepanuka. Taasisi kutoka Uturuki na nchi za Ghuba hununua ng'ombe Tanzania na kuchinja kwa niaba ya watu waliotuma fedha kutoka mbali. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam na Muscat huchangia kwenye kundi la WhatsApp. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 2019 imetuachia vikapu, na mafriji yamerahisisha kugawa kwa siku zote nne za kuchinja. Baadhi ya familia za Kimaasai tulizozoea kuzitembelea zilihamia Msomera, Handeni, kuanzia 2022, na salamu zetu sasa huwafuata kwa simu. Nyama inayofika kwa maskini ni nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na ninafurahi kwa hilo bila kinyongo.

Ninachoogopa ni kitu kimoja: wingi huo ukituondolea ile safari ya kuuliza. Mtu anaweza kutuma fedha ya ng'ombe kwa dakika moja, na ni jema kubwa, lakini dakika hiyo haitamwonyesha mama anayetaka uji wala kijana anayemkimbia mwenye nyumba. Ndiyo maana katika familia yetu tumekubaliana kwamba kila anayechangia udhia aende kwanza kwenye nyumba angalau moja, akae, aulize hali, asikilize. Wanetu tunakwenda nao. Binti yangu alirudi mwaka jana akiwa na habari za bibi ambaye mlango wake haufungi. Tulimpelekea nyama siku ya Idd, na fundi siku iliyofuata.

Wewe unayejiandaa kuchinja mwaka huu, kabla hujakwenda mnadani kukagua meno ya mbuzi, pita kwa mtu mmoja aliye kwenye fungu lako la tatu. Muulize anahitaji nini. Atakachokujibu kiweke pamoja na nyama, na usichelewe.