Ndege za mbao na kitambaa: Siku mbili katika uwanja wa Oshkosh

Mji wa Oshkosh, uliopo katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, si mji mkubwa. Umekaa kando ya Ziwa Winnebago, mwendo wa takriban saa tatu kwa gari kutoka Chicago, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna mengi ya kumvuta mgeni wa mbali. Lakini kila mwishoni mwa Julai, kwa muda wa wiki moja, anga yake hujaa ndege. Takriban ndege 10,000 hushuka katika uwanja wa Wittman na viwanja vya jirani, na watu zaidi ya 600,000 huja kuzitazama. Kwa siku hizo chache, mnara wa kuongozea ndege wa mji huu mdogo huwa na kazi nyingi kuliko mwingine wowote duniani.

Tulifika huko pamoja na watoto wetu, tukiwa wageni wa jamaa waishio Chicago. Zipo ndege za kivita zipitazo kwa kishindo, na wapo wanaozijia hizo. Sisi tulikwenda kuziona ndege za kale, zilizoundwa wakati babu zetu wangali vijana, ambazo wenyewe wamezifufua kwa mikono yao na kuzirusha hadi hapo.

Kuwasili kwake peke yake ni funzo la adabu. Marubani wengi hufuata njia ya reli kuelekea kijiji cha Fisk, mmoja nyuma ya mwenziwe, kama sisimizi warudio shimoni. Chini yao waongozaji waliovaa fulana za waridi huwatazama kwa darubini. Ili redio isisongwe na maneno, rubani hatakiwi kujibu kwa mdomo. Huambiwa atikise mabawa, naye huyatikisa, na hilo ndilo jibu lake. Njia za kutulia zimepakwa madoa makubwa ya rangi, na kila rubani huelekezwa kwenye doa lake, hata ndege zaidi ya moja zikaweza kutua kwa kufuatana katika njia ile ile, kila moja mahali pake.

Mkutano huu una asili ya unyenyekevu. Mwaka 1953 Paul Poberezny alikusanya wenzake wachache huko Milwaukee, watu waliopenda kujiundia ndege, wakaanzisha chama kijulikanacho kama EAA. Mkutano wao ulihamia Oshkosh mwaka 1970 na umebaki hapo hadi leo. Mwaka 1971 wapenzi wa ndege za kale walipata tawi lao ndani ya chama hicho. Huzipanga ndege kwa umri: zilizoundwa kabla ya Septemba 1945, zilizofuata hadi 1955, kisha zile za baadaye. Waamuzi hupita kwa kila moja wakiwa na tochi, wakichungulia hata mahali ambapo mtazamaji wa kawaida hafiki.

Katika sehemu hiyo ya uwanja ndege hukaa juu ya majani, safu kwa safu, na wenye ndege hulala katika mahema yaliyopigwa chini ya mabawa. Asubuhi utawaona wakifuta umande kwa taulo kabla hawajanywa chai. Tuliona Piper Cub nyingi za manjano, zenye injini ya nguvu za farasi 65, ambazo karibu 20,000 ziliundwa kabla, wakati na baada ya vita vya pili vya dunia. Nyingi kati yake hazina stata. Mtu husimama mbele na kuizungusha rafadha kwa mkono. Tuliona pia Stearman, zenye mabawa mawili, moja juu ya lingine, ambazo maelfu ya marubani wa Marekani walijifunzia wakati wa vita hivyo. Baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa bei nafuu, zikageuzwa za kunyunyizia dawa mashambani, zikatumika hadi zikachakaa.

Msomaji aliyekulia pwani hataona ugeni katika ufundi wake. Bawa la ndege ya namna hii lina mihimili ya mbao nyepesi za jamii ya msonobari, juu yake yakapangwa mataruma membamba, kama ya jahazi. Kisha huvikwa kitambaa, kikashonewa kwenye mataruma kwa uzi uliotiwa nta, kikapakwa dawa tabaka baada ya tabaka mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Na kama ilivyo kwa jahazi, hatari huanzia pasipoonekana. Unyevu ukipenya, mbao huoza na gundi huachia, huku rangi ya nje ingali inang'aa. Kwa hiyo mwenye ndege mwangalifu hukubali kukichana kitambaa kizima kisicho na doa ili aone kilichomo ndani.

Mzee mmoja, mwenye umri uliopita miaka sabini, alituonyesha picha za ndege yake ilivyokuwa alipoinunua: rundo la vyuma na mbao katika banda la mkulima. Ilimchukua miaka kumi na moja kuirudisha. Binti yetu mdogo alipomuuliza kama ndege ni yake, alifikiri kidogo. "Hati ina jina langu," alisema, "lakini ina watu wengi kabla yangu, na naomba iwe nao baada yangu. Mimi ni mwangalizi tu."

Hapo ndipo ulipo mzigo wa moyo wake. Watoto wake wote wako mijini, wana kazi zao, na hakuna anayeitaka. Kuiuza si shida, wanunuzi wapo. Shida ni kwamba mnunuzi atapata ndege bila kupata yale yaliyo vidoleni mwake: namna ya kuisikiliza mbao kwa kuigonga, namna ya kufunga fundo lisiloteleza. Basi amemchukua binti wa jirani, mwenye miaka kumi na sita, umri ambao sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi kuruka peke yake. Tulimkuta ameinama chini ya mkia akikagua mshono. Mzee hakumsaidia, alisimama mbali, mikono nyuma, akingoja aitwe. Hakuitwa.

Ndege za jamaa hii zilipata kuwa sehemu ya maisha yetu pia. Shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, lilianza na Gipsy Moth moja, ndege ya mbao na kitambaa. Katika miaka ya 1930 ndege zake zilifika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Uwanja wa Wilson wa Nairobi ungali na jina lake.

Ndugu msomaji, tuliporudi tulizungumza na watoto juu ya mafundi wa majahazi tunaowafahamu, wenye mashoka yaliyolika kwa kazi, ambao wana wao wameshika njia nyingine. Hatuwalaumu vijana, kila zama na riziki yake. Lakini mzee wa Oshkosh hakungoja mwanawe abadili nia. Alitazama nani amesimama karibu na ana hamu ya kujua, akamkabidhi sindano angali hai wa kumsahihisha. Katika nyumba zetu yupo mwenye ujuzi wa namna hiyo, wa kuchonga, wa kushona au wa kusuka ukili. Wiki hii tumpelekee mtoto akae naye saa moja, hata kama si mjukuu wake.