Kadhi na Askofu: Kazi ya Pamoja Iliyosahaulika Unguja

Kuporomoka kwa sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 kuliwarudisha watu wengi wa Mji Mkongwe kwenye habari za Sayyid Barghash, mtawala aliyelijenga jumba hilo, na miongoni mwa habari hizo imo moja ambayo vijana wengi wa leo hawajapata kuisikia: kwamba saa ya mnara wa Kanisa Kuu la Kianglikana, pale Mkunazini, ilikuwa zawadi yake. Simulizi ya mjini huongeza kwamba sultani aliweka sharti mnara usipite kimo cha jumba lake. Jumba lilikamilika 1883, ilhali kanisa lilianza kusaliwa tangu Krismasi ya 1877, hivyo habari ya sharti hilo inaweza kubishaniwa. La msingi ni kwamba mtawala Mwislamu aliona inafaa nyumba ya ibada ya watu wa dini nyingine iwe na saa, na mji mzima, Waislamu kwa Wakristo, ukawa unaitazama.

Kiwanja chenyewe kina historia ya namna hiyohiyo. Soko la watumwa lilipofungwa 1873, ardhi yake iliingia mikononi mwa misheni ya UMCA, yaani jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza, na sehemu ya ardhi hiyo ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapo Krismasi ya mwaka huohuo.

Hata hivyo, jambo linalostahili kukumbukwa kuliko saa na kiwanja ni kazi iliyofanyika juu ya karatasi. Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyefika Unguja 1864 na kufanywa askofu 1874, alikuwa mgeni asiyekijua Kiswahili, na alitambua mapema kwamba lugha hiyo ilikuwa na wenyewe, na kwamba wenyewe walikuwa wanazuoni wa Kiislamu. Katika utangulizi wa kitabu chake cha sarufi cha 1870 aliwashukuru waliomfundisha, akiwemo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyekuwa kadhi, yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu. Sheikh alijitolea kwa hiari yake kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili safi kabisa. Kazi haikufika mbali, kwa kuwa kadhi alikuwa na shughuli nyingi, na pia kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa watu wa kawaida ambao Steere aliwakusudia. Lakini Steere aliyaeleza yote hayo waziwazi, kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Yafaa kulitafakari jambo hilo bila haraka. Hapana shaka kwamba wawili hao hawakuafikiana katika itikadi, kwani mmoja alikuja kuhubiri dini ambayo mwingine hakuikubali, na hakuna aliyemficha mwenziwe msimamo wake. Pamoja na hayo kadhi hakuona kwamba imani yake ingepungua kwa kumsaidia Mkristo kuyaandika vizuri maneno ya Nabii Daudi, naye Steere hakuona haya kukiri kwamba Kiswahili alikipokea kwa Waislamu. Ushirikiano wao ulisimama juu ya elimu, na elimu huwataka watu wakae kitako, wasome mstari kwa mstari, na kusahihishana.

Chini ya kiwango hicho cha wasomi, majirani walikuwa na utaratibu wao ambao haukuhitaji mkataba: sahani ya pilau iliyofunikwa kawa ilivuka kichochoro siku ya Idi na nyingine ikarudi siku ya Krismasi, futari ilipelekwa hata kwa asiyefunga, na katika msiba wa Mkristo majirani Waislamu walilisindikiza jeneza hadi makaburini, wakasimama kando wakati wa sala, kisha wakarudi matangani pamoja na wafiwa. Desturi hii bado ipo, ingawa ni haba zaidi katika mitaa mipya ambako watu hujuana kwa magari yao.

Kwa upande wa wasomi, mambo yalibadilika mapema zaidi. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misheni ileile ya UMCA, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yenye lengo la kuupinga Uislamu, na Waislamu wakaikataa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar, alipokamilisha tafsiri yake mwaka 1969, alikuwa pia akiyajibu maandishi ya aina hiyo. Kazi ya kufasiri, iliyowakutanisha kadhi na askofu, ikawa uwanja wa mabishano, na hiyo ni hasara ambayo haijafidiwa hadi leo.

Yaliyofuata yanajulikana. Viongozi wa dini waliunda kamati ya pamoja ya amani, na katika kipindi cha 2012 na 2013, makanisa yalipochomwa, Sheikh Fadhil Soraga alipomwagiwa tindikali na Padri Evarist Mushi alipouawa, kamati hiyo ilifanya kazi ya kishujaa ya kuwatuliza waumini. Lakini kamati hukutana zaidi panapokuwa na moto au uchaguzi, na viongozi wanaosimama pamoja mbele ya kamera mara nyingi hawajawahi kusoma pamoja hata ukurasa mmoja.

Basi masheikh na mapadri wa Unguja waurudie mkutano ule wa kwanza: jina la al-Amawi lisomeshwe katika vyuo vya uchungaji, jina la Steere litajwe katika madrasa bila woga, na wapatikane vijana wawili wawili, kutoka pande zote mbili, watakaokabidhiwa kazi moja ya elimu ya kuifanya pamoja kabla ya balaa jingine kuwakutanisha.