Skrini Hazikuwa Zimekufa

Wasee, leo nakiri kitu. Mwaka jana nilifanya mtu akatwe pesa kwa kosa ambalo hakufanya, na yote ilianza na skrini za matatu.

Baba mdogo ana matatu ya viti 14, inapiga Kisii–Nyamira. Huku kwetu hatuna nganya kama za Rongai, lakini alitaka yake ionekane, akafungisha skrini nne nyuma ya viti. Wanafunzi wakaanza kuacha gari zingine stejini wakingojea hiyo. Halafu mvua za Aprili zikashika. Skrini mbili za nyuma zikaanza kuzima na kujiwasha, kuzima na kujiwasha, hasa dere akipandisha muziki.

Nyumbani mimi ndiye "injinia". Nilisoma umeme chuoni mihula mitatu kabla niache, na video zangu nyingi ni za kueleza watu mambo ya gari. Nikaitwa. Nikaangalia dakika tano hivi, nikaona chaja ya simu ya konda imechomekwa karibu na skrini moja, nikatangaza: "Hizi zimekufa. Kuna mtu anavuta hizi waya."

Mita yangu ilikuwa kwa begi. Sikuitoa.

Konda alijitetea, "Tata, mimi sijagusa hizo vitu." Hakuna aliyemsikiza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeongea lugha ya volti na ampea. Akakatwa shilingi 200 kila siku ya kununua skrini mpya. Zikanunuliwa, zikafungwa. Jioni ya kwanza mvua iliponyesha, skrini mpya zikaanza mchezo uleule. Konda aliniangalia tu, hakusema neno.

Ndio tukapeleka gari kwa fundi wa waya pale Daraja Mbili, mzee ambaye hana cheti hata kimoja. Kabla ashike chochote aliuliza maswali matatu: Ilianza lini? Ni gani zinasumbua? Zikisumbua, ni nini kingine kimewashwa? Majibu: wakati wa mvua, mbili za nyuma pekee, na muziki. Akatabasamu. Mimi hayo majibu nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Skrini mbili haziwezi kufa siku moja, kwa njia moja, kama hakuna kitu zinashiriki.

Akawasha injini, akapima betri: volti 14.1, alteneta iko sawa. Akaangalia fyuzi, nzima. Akachomoa skrini akapima kwenye soketi yake: 14. Hapo mimi ningesema moto upo, basi skrini ndiyo mbovu. Yeye akairudisha, akaiwasha, akaambia dere apige muziki, ndio akapima tena: 9.3.

Hii ndiyo sehemu nataka mshike. Ukipima waya kama hakuna kitu kinakula moto, inakudanganya. Ni kama mfereji ulioziba matope: ukiwa umefungwa, presha iko sawa, lakini ukifungua unapata matone. Lazima upime kazi ikiendelea.

Sasa swali likawa, zile volti karibu 5 zinapotelea wapi? Mzee akaweka mguu mmoja wa mita kwa hasi ya betri, mwingine kwa waya mweusi wa skrini, ule wa kurudisha moto, mafundi wanaita ethi. Hapo inafaa usome karibu sufuri. Ilisoma 4.6. Akafuata huo waya hadi chini ya kiti cha nyuma, akainua zulia. Maji. Raba ya mlango wa nyuma ilikuwa imeoza, mvua ikawa inaingia polepole, na bolti iliyoshika ethi ya skrini mbili pamoja na ile ya amplifaya ilikuwa imekula kutu hadi imekuwa rangi ya udongo wetu. Muziki ukipanda, amplifaya inasukuma moto mwingi kwa hiyo bolti mbovu, skrini zinabaki na njaa, zinazima.

Akakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akaweka kichwa kipya cha waya, akakaza, akapaka grisi. Akapima tena, muziki ukiwa juu: 0.1. Raba tukabadilisha. Zile skrini za zamani zilirudishwa na zinafanya kazi mpaka leo.

Kuna kitu kingine alinionyesha. Fyuzi ya skrini ilikuwa nyekundu, ampea 10. Akasema gari nyingi zikiletwa kwake, mtu amechoka na fyuzi kuungua akaweka ya kijani, ampea 30, ama karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi ikiungua inakuambia kuna shida mahali. Ukiinyamazisha, kitakachoungua badala yake ni waya, na waya uko chini ya viti vya abiria.

Baba mdogo alirudisha pesa yote ya konda. Mimi nilienda kwao Kebirigo kuomba msamaha. Alinipa chai, akaniambia imeisha. Lakini kazini hakurudi, siku hizi ako kwa boda. Alisema hawezi kufanya kazi mahali ambapo neno lake halina uzito, na sikuwa na la kumjibu.

Nilifuta video tatu ambazo nilikuwa nimeambia watu "nunua mpya" bila kupima chochote. Chuo niliacha, hilo silionei aibu. Yule mzee hakusoma hata muhula mmoja. Aibu yangu ni kwamba mita ilikuwa kwa begi, na nikaona ni rahisi kulaumu mtu ambaye hangeweza kunijibu.

Kwa hivyo skrini ya gari yenu ikizima, anza na ethi. Na kabla useme nani ameharibu, pima.