Kamba wa Jangwani katika Pwani ya Massawa

Ukitaka kuijua pwani ya Eritrea, anza safari yako mjini Asmara, juu milimani, ambako asubuhi watu huvaa makoti. Kutoka hapo barabara hushuka kiasi cha mita 2,300 katika mwendo wa kilometa zipatazo 115, ikijipinda kandokando ya magenge, na hapa na pale ikikutana na reli ya Waitaliani iliyofika Asmara mwaka 1911. Kila ukishuka, koti lako linazidi kuwa mzigo. Ukifika Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, utaziona nyumba za mawe ya matumbawe zenye roshani za mbao, nazo zitakukumbusha Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ila mapigano ya mwaka 1990 yaliuachia mji huo majeraha makubwa. Joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200, hali Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000.

Toka mjini uelekee kaskazini, nawe utakuta uwanda wa mchanga na chumvi, bahari upande mmoja na vilima vikavu upande wa pili. Hapo ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipoanzishwa kazi ambayo wengi waliiona kuwa ni kichekesho: kufuga kamba jangwani.

Yamkini utauliza, atafugwaje kiumbe wa majini mahali ambapo hata mbuzi hugombea kivuli? Lakini hebu tafakari. Ardhi ya namna hiyo haina shamba la mtu la kunyang'anywa. Jua liko mwaka mzima, na kamba hustawi katika maji ya uvuguvugu, yapata nyuzi 28 hadi 30. Hapana mto wa kuleta tope wala dawa za mashambani. Na zaidi ya yote, hapana msitu wa mikoko wa kufyekwa. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka mradi uliotakiwa kuanzishwa katika delta ya Rufiji miaka ya 1990, wa hekta zipatazo 10,000, katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Wanavijiji waliupinga hadi mahakamani, na mradi ule haukusimama. Katika nchi za Asia na Amerika ya Kusini misitu mingi ya namna hiyo ilikwisha katwa ili kupisha mabwawa.

Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba jangwa hutoa kitu bure. Mama kamba mmoja hutaga mayai kwa malaki, nayo huanguliwa kabla siku haijapita. Vitoto hivyo ni vidogo mno. Kwanza huishi kwa kiini cha yai, kisha hulishwa mimea ya baharini isiyoonekana kwa macho, halafu vijidudu vya maji ya chumvi. Baada ya majuma machache hutiwa bwawani, na baada ya miezi minne au mitano huwa kitoweo. Katika muda huo wote maji ndiyo shughuli. Bahari ya Shamu ina chumvi kali: kilo moja ya maji yake hubeba gramu zipatazo 40, na bahari nyingine 35 tu. Kila mwaka jua huinyonya kiasi cha mita mbili kwenda juu. Bwawa likiachwa bila kubadilishwa maji hugeuka taratibu kuwa shamba la chumvi. Kwa hiyo pampu hazina budi kunguruma usiku na mchana, na pampu hunywa mafuta.

Saa ya hatari ni ile ya kabla ya alfajiri. Mchana ile mimea midogo ya majini hutoa hewa ambayo kamba huivuta. Usiku hugeuka nayo ikaanza kuivuta. Kunapokaribia kucha hewa huwa imepungua mno, na kamba wa bwawa zima waweza kufa kabla jua halijachomoza. Wewe uliyepata kufanya zamu ya usiku kiwandani utamwelewa vyema mlinzi wa mabwawa anayepita na kipimo chake gizani, asiyethubutu kusinzia saa kumi ile.

Aliyeongoza kazi ya Massawa alikuwa Carl Hodges, mwanafizikia wa Marekani, ambaye kabla yake alikuwa amefanya majaribio kwa miaka mingi Puerto Peñasco, katika pwani kavu ya Meksiko, akiwa na Chuo Kikuu cha Arizona. Shamba lake liliitwa Seawater Farms Eritrea. Jambo la kustaajabisha halikuwa kamba wenyewe bali safari ya maji. Maji ya bahari yaliingizwa nchi kavu kwa mfereji, yakapita kwanza kwa kamba. Yakitoka hapo huwa yamechafuka kwa mabaki ya chakula na samadi, uchafu ule ule ambao kwingineko humwagwa baharini ukaharibu ghuba nzima. Massawa yalipelekwa mbele, yakanywesha mashamba ya salikonia, mmea mnene usio na majani, unaoota kwa maji ya bahari, na ambao mbegu zake zina mafuta kama asilimia 30. Yaliyobaki yakaishia kwenye mikoko iliyopandwa mahali ambapo palikuwa patupu. Kilichokuwa taka kwa kamba kikawa mbolea kwa mti.

Mtu mwingine alikuwa ameligundua jambo hilo kwa njia yake. Gordon Sato, mtaalamu wa chembe hai, Mmarekani wa asili ya Kijapani, aliyefungwa kambini Manzanar akiwa kijana wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitembea pwani hiyo hiyo akaona kwamba mchu huota pale tu ambapo mito ya msimu humwaga maji. Wengi wangesema sababu ni maji matamu. Yeye alisema la, sababu ni kile ambacho maji hayo hubeba: naitrojeni, fosforasi na chuma. Akawa anafukia kando ya kila mche kifuko cha plastiki chenye mbolea na matundu madogo, pamoja na kipande cha chuma. Kijijini Hargigo, kusini kidogo ya Massawa, miche kwa malaki ilipandwa hivyo, na mbuzi wakalishwa majani yake. Sato, aliyefariki mwaka 2017, hakuhitaji pampu. Maji kujaa na maji kupwa ndivyo vilivyomnyweshea miti.

Shamba la Hodges lilikuwa na mahitaji mengine. Katika kilele chake liliajiri watu wapatao 800, si haba kwa nchi iliyokuwa imetoka vitani mara mbili, maana vita vya mpakani na Ethiopia vilidumu toka 1998 hadi 2000. Kamba wake walikusudiwa masoko ya nje. Mwaka 2003 lilifungwa. Yeyote aliyepata kuona lango la kiwanda likifungwa anajua maana yake kwa kaya 800, na Massawa haukuwa mji wenye viwanda vya kuhamia.

Ng'ambo ya pili ya bahari hiyo, Al-Lith nchini Saudia, kiasi cha kilometa 180 kusini ya Jeddah, wenye mtaji mkubwa zaidi walichimba mabwawa ya maelfu ya hekta jangwani. Hao hawakupungukiwa mafuta wala barafu. Lakini mwaka 2010 na 2011 uliwaingilia ugonjwa wa madoa meupe, ambao hauna dawa. Humwacha salama mlaji, ila waweza kulimaliza bwawa katika muda wa siku tatu hadi kumi. Mwaka 2011 ugonjwa huo ukaonekana Msumbiji, na mwaka 2012 Madagaska. Wataalamu walipovichunguza virusi vya nchi zote tatu, walikuta ni ndugu wa karibu sana. Msumbiji, kumbuka, ni jirani wa mlango wa pili.

Watu wa Al-Lith walilazimika kumwacha kamba wa asili wa bahari yao, wakaagiza mbegu safi ya kamba wa Amerika, aliyezalishwa vizazi vingi chini ya ulinzi. Yule waliyemwacha unamfahamu. Ni kamba mweupe wa Bahari ya Hindi, ambaye wavuvi wa Bagamoyo na Rufiji humvua katika maji ya tope, naye ndiye unayepimiwa kwa kilo pale Feri, Dar es Salaam.